Tanga la Banda la Vioo

Boga alikuwa fundi wa chokaa na rangi, na kutoka kivukoni Likoni mpaka Mtongwe hakuwa na mwenzake kwa kazi hiyo. Hakuwa mtu wa kupamba maneno. Ukimwuliza ukuta wako utakauka lini, alikwambia ukikauka utauona. Kwa hiyo Bwana Hadi alipomwita mwezi wa Novemba mwaka wa sitini na tatu, ikiwa imebaki wiki tatu na siku kidogo kufika Uhuru, akamwingiza katika Banda la Vioo na kumtaka maoni, Boga alimwambia alichokiona.

"Lanuka popo," alisema. "Na hawa kasuku uliowachora ukutani wana sura za kuku wagonjwa."

"Sikuwachora mimi. Aliwachoresha baba."

"Haya. Kasuku wa babako."

Hadi hakucheka. Baba yake akitajwa, Hadi huwa hacheki.

Banda hilo lilikuwa katikati ya bustani ya starehe, karibu na Shelly Beach. Mzee Barakat, babake Hadi, mfanyabiashara wa Mji wa Kale, ndiye aliyeijenga bustani kabla ya vita, kwa ajili ya Wazungu waliokuja likizo kutoka bara. Palikuwa na farasi wa mbao wa kuzunguka, pembea zilizochongwa kama mashua, kibanda cha soda, na hili banda refu lenye vioo ishirini na viwili vilivyopindwa makusudi. Kimoja kilikufanya mnene kama pipa. Kingine kilikuvuta ukawa mwembamba kama ufito. Kingine kilikukata kiuno, miguu ikaenda huku na kifua kule. Wazungu walilipa kuingia kujicheka. Watu wa Likoni waliingia kufagia.

Sasa Wazungu wenyewe walikuwa wakifunga masanduku, na Hadi alitaka kuifungua bustani kwa watu wote siku ya Uhuru. Lakini ndani ya banda palikuwa pamechoka. Rangi ya kijani ilikuwa imebambuka kama ngozi ya mgonjwa wa surua. Kitambaa cha buluu cha darini, chenye nyota za bati, kilikuwa kimelegea kwa uzito wa mavi ya popo.

"Nataka pawe papya," alisema Hadi. "Chokaa nyeupe kwanza, kisha mistari ya rangi nyeusi, nyekundu na kijani. Mtu akiingia ajue yuko nchi yake."

Boga aliikubali kazi ile siku ile ile. Ilikuwa karibu na nyumbani, na hilo ndilo alilolitaka kuliko yote. Binti yake wa pekee, Mwanatatu, alikuwa amerudi kwao kujifungua, kama ilivyo ada kwa mimba ya kwanza. Miguu ilikuwa imemvimba, na mkunga alipomshika tumbo alinyamaza kuliko ilivyompasa mkunga kunyamaza. Boga hakutaka kazi ya ng'ambo ambako mtu angehitaji feri ili kuja kumwita.

Alimchukua Ngowa, seremala wa Kigiriama aliyefanya naye kazi miaka kumi. Wakaanza kutayarisha.

Walitoa mabenchi yote nje, na kwa kuwa vuli ilikuwa inanyesha, wakayafunikia turubai. Vioo vilikuwa vimejengewa ukutani kwa saruji, havitoki, na chokaa ikichuruzika nyuma ya kioo huila ile fedha kikaota madoa. Hadi akaleta kutoka duka lake la vitambaa jora zima la bafta nyeupe, Ngowa akavifunika vioo vyote kwa misumari midogo. Sakafu ilikuwa ya mbao zilizopigwa nta, Hadi hataki tone, basi Boga akaenda msikitini kwao akaazima majamvi manane. Kwa ajili ya popo na harufu wakafukiza ubani, na pembezoni wakatia kafuri ya kuua mende. Nyuma ya banda Ngowa akachimba shimo la chokaa, lile ambamo mawe hutiwa yakamwagiwa maji yakatokota yenyewe bila moto. Alilipima kwa bati la kulifunikia: futi sita urefu, futi mbili na ushee upana.

Kila jambo lilikuwa na sababu yake. Ndilo lililomponza Boga. Kila jambo lilikuwa na sababu yake, kwa hiyo hakuyatazama yote kwa pamoja.

Aliyeyatazama kwa pamoja ni mkewe, Dhahabu. Siku ya pili, adhuhuri, alikuja na kikapu cha chakula. Alitoka vichakani akaliona turubai, akaona mabenchi yamepangwa chini yake, akasikia ubani, akachungulia mlangoni akaona vioo vimefunikwa nyeupe na majamvi yametandikwa. Aliweka kikapu chini, akajitanda leso usoni, akaangua kilio.

"Nani? Jamani, nani amekufa?"

Boga alitoka na brashi mkononi. "Hajafa mtu. Umeleta pilipili?"

"Umefunika vioo."

"Chokaa, Mama Mwanatatu. Yala vioo."

"Na haya majamvi? Haya si ya msikiti? Si ndiyo tuliyomkalia marehemu mama yako?"

"Majamvi ni majamvi."

Ngowa alitoa kichwa dirishani. "Shemeji, usiyamwage bure machozi. Maiti ni mimi. Kazi ya mume wako imeniua."

"Wewe hata ukifa hatutakulia mara moja," alisema Dhahabu. "Tutangoja kwanza tuone kama si utani wako."

Lakini hakuwa anacheka. Alilizunguka banda, akaliona shimo, akarudi bila rangi usoni.

"Baba Mwanatatu, umetandika tanga zima. Nyumba ya msiba ina kila kitu, imekosa maiti tu. Na nyumbani kwako mna mzazi anayengoja kujifungua. Kunja haya."

"Nikimaliza nitakunja."

Dhahabu alikiacha kikapu pale pale chini. Alikwenda zake, na mpaka anaondoka hakuwa ametia mguu ndani.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, akaja mzee mmoja. Alivaa kanzu iliyopauka na kofia ya kazi ya mkono, ameshika bakora. Boga aliwajua wazee wote wa upande ule, lakini huyu hakumjua. Mzee akampa mkono. Mkono wa Boga ulikuwa umelowa chokaa, ule wa mzee ulikuwa mkavu kama unga, na ulipotoka katika mkono wa Boga ulikuwa mkavu vile vile.

"Poleni na msiba," alisema mzee.

"Shikamoo, mzee. Hapa hapana msiba. Twapaka rangi."

"Marahaba. Mwenyezi Mungu awape subira."

Akaenda akakaa benchini chini ya turubai, akatoa tasbihi. Boga akadhani ni mzee aliyepotewa na akili, akarudi kazini. Alipotoka tena kuchota chokaa, benchi lilikuwa tupu. Mlangoni palikuwa na makubadhi ya zamani, visigino vimelika upande mmoja, yamevuliwa na kupangwa kama mtu anavyovua anapoingia katika nyumba ya watu.

"Ngowa, umemwona yule mzee? Kaacha viatu."

"Mzee gani?"

Ndani hapakuwa na mtu. Chumba kilikuwa kirefu na kitupu, na bafta imening'inia pande zote mbili. Wakaendelea na kazi. Alasiri Ngowa alitoka kukojoa akarudi upesi.

"Bwana Boga. Ni jozi ngapi ulizoniambia?"

"Moja."

"Njoo uhesabu."

Zilikuwa tano. Makubadhi, champali za mpira wa gari, na jozi moja ya mitawanda ya mbao ambayo Boga hakuwa amemwona mtu akiivaa tangu udogo wake. Waliita wakaenda kila upande wa banda. Hakuna aliyeitika.

"Tukiviuza sokoni tutapata chai," alisema Ngowa, lakini hakuinama kukigusa hata kimoja.

Siku ya nne zilikuwa jozi kumi na tisa mlango wa mbele, na nyingine mlango wa nyuma, ndogo, za kike, kwa sababu wanawake katika msiba huingia kwa nyuma. Jua lilikuwa linawaka, ndege wanalia nje, watoto wanasikika mbali wakichezea farasi wabovu wa mbao. Ndani ya banda palikuwa na sauti. Haikuwa kubwa. Ilikuwa kama nyuki waliojificha nyuma ya ubao, ikipanda kidogo na kushuka, ikipumzika mahali pale pale anapopumzika msomaji wa Yasini.

"Ni nyuki," alisema Ngowa.

"Ni nyuki," alisema Boga.

Kisha akaenda kwenye kioo kilicho karibu, kile kinachomvuta mtu awe mwembamba, akaishika bafta kwa chini akaifunua.

Kioo kilionyesha chumba. Kilionyesha majamvi manane, na juu ya majamvi watu wamekaa safu kwa safu, bega kwa bega, wamevutwa na kioo hata shingo zimekuwa kama kamba na nyuso kama visu. Midomo ilikuwa ikitikisika. Katikati yao waliacha nafasi, ndefu na nyembamba, na hakuna goti lililoingia katika nafasi ile. Boga aligeuka nyuma. Majamvi yalikuwa matupu. Alipogeukia kioo tena, wale wa safu ya mbele walikuwa wameinua nyuso wakimtazama, bila ubaya, kama watu wanavyomtazama mfiwa anapopita, wakampisha njia.

Akaiachia bafta.

Mzee wa kanzu alikuwa chini ya turubai, benchi lile lile. Boga alimfuata mbio, na chokaa ikimdondoka kutoka kwenye brashi aliyosahau kuiweka.

"Mzee, mwataka nini hapa?"

"Tumeitika," alisema mzee kwa upole. "Vioo vimefunikwa, jamvi limetandikwa, shimo tayari. Tumekuja kukaa nawe. Neno moja tu nilitaka kukuuliza, kwa sababu wa kuosha wanauliza." Akaisogeza karibu bakora yake. "Mwanao atazikwa na mtoto wake tumboni, ama mtamtoa kwanza?"

Boga hakujua alirudi vipi ndani. Alichokumbuka ni kwamba alimpigia Ngowa kelele washike jamvi walikunje. Walilishika pembe mbili wakalivuta. Jamvi lile Boga alikuwa amelibeba mwenyewe kwa bega moja kutoka msikitini. Sasa halikunyanyuka. Walivuta mpaka ukindu ukakatika mikononi mwao, na jamvi limelala pale pale, zito, kama jamvi linavyokuwa zito likiwa limekaliwa na watu.

Ngowa aliliachia akajipangusa mikono kwenye suruali. "Mimi ni seremala," alisema. "Naenda zangu nyumbani."

Nyumbani kwa Boga mkunga alikuwa amekwisha kuitwa. Uchungu ulikuwa umeanza, mapema kuliko siku zake, na mtoto alikuwa amelala kingamo. Mkunga alikataza Mwanatatu asitikiswe kwa safari ya hospitali ng'ambo. Alisema njia ya kivukoni na mawimbi ya feri vingemmaliza. Boga alimwita Dhahabu uani akamweleza yote, hakuficha hata lile neno la mzee. Dhahabu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alimpiga kofi kifuani, kofi la mkono wazi.

"Umemtandikia mwanangu jamvi!"

"Sikujua."

"Nilikwambia! Nilisimama pale nikakwambia kwa kinywa changu, ukaniuliza pilipili!"

"Basi niambie la kufanya. Nikachome moto lile banda?"

"Uchome, wakamfuate wapi? Hapa?" Alikaa juu ya kinu, akafikiri, na kutoka ndani wakasikia sauti ya Mwanatatu ikiita mamake. "Tanga likishawekwa watu hukaa," alisema Dhahabu polepole. "Hawakuja kwa shari. Wamekuja kuhani msiba. Wape maiti wao. Wape mtu aliyekufa kweli, akakosa kukaliwa."

"Nani?"

"Mimi nilifagia lile banda miaka sita, Baba Mwanatatu. Mzee Barakat alikufa Mukalla, kwao Arabuni, mwaka wa hamsini na tano. Nani alimkalia tanga? Mwanawe alipata habari akafungua duka. Mji wa Kale wote wajua."

Asubuhi Hadi alikuja na gari lake akamkuta Boga amekaa benchini peke yake, na brashi zimekauka.

"Mbona umekaa? Siku zenyewe haziko."

"Tanga la babako lilikaliwa wapi, Bwana Hadi?"

Hadi alisimama mlango wa gari ungali wazi. "Hilo lakuhusu nini wewe?"

"Lanihusu. Binti yangu ana uchungu tangu jana, na mtoto amelala kingamo, na mimi nimefungua msiba humu ndani bila kujua. Watu wamekuja. Hawaondoki bila maiti."

"Wewe umelewa."

"Sinywi. Nijibu."

Hadi aliufunga mlango wa gari. Alikuwa mtu wa miaka arubaini, mtaratibu, mwenye viatu vya ngozi vya kufunga kamba. Alipojibu sauti yake ilikuwa ya chini.

"Simu ya maandishi ilikuja Ijumaa. Niliitia mfukoni nikaenda dukani nikapima vitambaa mpaka jioni. Wataka kujua kwa nini? Alisema yuwaenda Mukalla miezi mitatu kutazama jamaa. Akaoa huko, mtoto mdogo kuliko mimi. Hakurudi, hakuandika. Mamangu alikufa akiuliza kama meli ya Mukalla imefika. Kila Jumatatu. Nilikula kiapo, wallahi, simkalii."

"Sikuulizi kama ulimpenda."

"Basi waniuliza nini?"

"Nakuambia watu wako ndani. Vua viatu, uingie utazame nyuma ya hiyo bafta."

Hadi aliingia na viatu vyake mguuni, makusudi. Akakaa huko kadiri ya mtu kuvuta sigara moja. Alipotoka alikuwa amevishika viatu mkononi, na soksi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la chokaa. Hakusema alichokiona. Hadi alivipanga viatu mlangoni pamoja na vile vingine, akarudi ndani, akakaa juu ya jamvi penye mlango, mahali pa mfiwa.

"Nenda garini," alimwambia Boga. "Niletee kofia yangu."

Habari zilivuka kwa feri kabla ya adhuhuri. Mji wa Kale wote ukasikia kwamba Hadi amekaa tanga la baba yake, amechelewa miaka minane, tena amelikalia katika bustani ya Wazungu. Wengine walikuja kwa heshima, wengine ili watazame kama ni kweli. Walimkuta kweli amekaa, kichwa ameinamisha, anapokea mikono. Imamu akaja. Sufuria za wali zikatafutiwa mawe ya kuinjikia kule kwenye kibanda cha soda. Walio hai walikaa majamvini wakalalamika kwamba pamebanana, ingawa ukiwahesabu hawakujaza hata nusu ya chumba. Mlangoni viatu vilichanganyika na hakuna aliyejua cha nani ni kipi.

Boga alikaa siku zote tatu za tanga pale pale. Nyumbani wanaume walikuwa wamefukuzwa, na yeye ndiye aliyelifungua lile tanga. Aliona si haki aliache. Ngowa alirudi kwa aibu, akajitia kazi ya kwenda na kurudi kuleta habari. Siku ya kwanza alisema bado. Siku ya pili asubuhi alisema bado. Jioni yake alitikisa kichwa tu, na Boga akamwona hana utani hata mmoja mdomoni.

Siku ya tatu, wakati hitima inasomwa, Boga alihisi mtu ameketi karibu naye, upande ambao hapakuwa na nafasi ya mtu kukaa. Hakugeuka. Aliona ncha ya bakora tu.

"Huyu maiti tumemsikia," ilisema sauti ya mzee. "Lakini mfiwa hajatoa radhi. Hatuwezi kumchukua mtu ambaye mwanawe amemshika kanzu."

"Akitoa, mtakwenda?"

"Akitoa, tutakuwa tumemaliza kwake. Asipotoa, bado tuna yule wa pili."

Hitima ikaisha alasiri. Imamu akafunga msahafu, akasema maneno yanayosemwa kila msibani: mwenye dai na marehemu aseme, na aliyekosewa naye amsamehe, kwa maana sote tu njia moja. Sauti zikaitika kutoka kila pembe, tumemsamehe, tumemsamehe. Nyingine zilitoka nyuma ya bafta, lakini waliokaa karibu na ukuta walidhani ni mwangwi.

Hadi alinyamaza.

Imamu alimtazama. Watu wakaanza kukohoa. Hadi alikuwa akiutazama mkono wake mwenyewe uliofumbwa juu ya goti.

"Bwana Hadi," alisema Boga.

Hadi hakuinua kichwa.

"Bwana Hadi, mwanangu yuwafa."

"Kila Jumatatu," alisema Hadi. Hakuwa akimwambia Boga. "Nilikuwa nikimwambia mamangu, meli imechelewa, mama. Nilisema uongo miaka miwili. Uongo ule alinisemesha baba."

"Najua. Sema hivyo hivyo. Lakini mwachie."

Nje mvua ilikuwa imeanza kugonga turubai. Hadi alifungua mkono uliokuwa juu ya goti, kidole kimoja kimoja, kama mtu anayefumbua kitu kilichoganda.

"Nimemsamehe," alisema. Kisha akaongeza, kwa sababu hakutaka kusema uongo tena, "Si kwamba alistahili. Nimechoka naye. Nimemsamehe."

Boga alisikia magoti yakikunjuka. Alisikia nguo zikisuguana, na pumzi za wazee wanaojiinua kwa kushikana mabega, watu wengi, wengi kuliko waliokuwemo. Hakuna aliyesimama. Bafta kwenye ukuta wote mmoja zikajaa upepo zikatulia, na mtu mmoja akasema funga dirisha, mvua yaingia. Mbele ya Boga, pembe ya lile jamvi ambalo yeye na Ngowa walishindwa kulinyanyua ilijikunja yenyewe kwa juu, kama zinavyojikunja pembe za majamvi ya zamani yasipokaliwa.

Alisimama akatoka bila kuaga. Mlangoni viatu vilikuwa vichache. Hakuvihesabu.

Alipofika njiani aliona mtu anakuja katika mvua, akamjua kwa mabega. Ni Ngowa. Mwenye habari njema hukimbia, na mwenye habari mbaya hukimbia pia. Ngowa alikuwa akitembea. Alikuwa akitembea kama mtu aliyebeba kitu kinachomwagika, na Boga akasimama katikati ya njia.

Ngowa alimfikia. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni na macho yake yalikuwa mekundu, ya mvua au ya kulia, haikujulikana.

"Umepata mke, Mzee," alisema. "Mdogo hivi. Sura mbaya wallahi, kichwa kama chako. Mkunga alikuwa ameshakata tamaa, anatawadha, mara mtoto akageuka mwenyewe, sasa hivi, wala hatujui kwa nini. Analia mtaa mzima wamsikia."

"Na mama yake?"

Ngowa akajaribu kupata neno la mzaha, akalikosa.

"Mama yake amefumbua macho. Ameomba uji. Auliza kwa nini babake yuko kwenye msiba wa watu naye yuko katika hali hii."

Boga alimpita akaenda zake nyumbani, mara akitembea, mara akikimbia, kama mtu asiyejua lipi kati ya hayo mawili litamfikisha mapema.